Ujumbe wa Alhamisi

Sisi watu wa Masagati tuliijua simu kabla haijawa yetu. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Mlimba kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Makambako, na stesheni ya Mlimba ilikuwa na simu ya kuongozea treni. Mtu aliyefiwa huko kwetu alitembea hadi pale akitumaini bwana stesheni atamfikishia habari ndugu yake aliyeko Ifakara. Wapo waliosaidiwa, kwa ubinadamu wa bwana stesheni tu. Wengine waliambiwa simu ile ni ya treni, wakasubiri treni yenyewe iwachukulie barua. Sijawahi kumlaumu aliyekataa. Chombo kilikuwa na kazi yake, na hapakuwa na utaratibu wowote uliosema mtu wa nje akitumie vipi, kwa masharti gani na kwa malipo gani.

Nimefanya kazi ya uuguzi karibu maisha yangu yote, na sasa nimestaafu. Ninachotaka kukieleza kilitokea Wilaya ya Ulanga, ng'ambo ya Mto Kilombero, kuanzia Septemba 2009 hadi Februari 2010, nilipokuwa kwenye zahanati moja upande wa Malinyi. Vijana wanaotengeneza huduma za simu leo wengi wao walikuwa watoto wakati huo. Nawaona wakihangaika na mambo ambayo sisi tuliyaona yakifanyika mbele ya macho yetu, na sipendi kumbukumbu hiyo ipotee na wazee waliostaafu.

Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia bondeni. Vodacom walianza kazi Tanzania Agosti 2000, Celtel wakafuata 2001, na miaka michache baadaye Ifakara mjini ilikuwa na vibanda vya kupigia simu na watoto wanaouza vocha za kukwangua. Ng'ambo ya mto hali ilikuwa nyingine. Kwenye zahanati yetu mtandao ulishika nyuma ya jengo, sehemu moja tu, na kila mtu aliijua sehemu hiyo. Tulipiga kidogo, tulibipu sana. Huduma nyingine yoyote iliyokuwa ndani ya simu ilitoka kwa kampuni yenyewe: milio, salamu, matokeo ya mpira. Kampuni ilijenga mnara, ikauza muda wa maongezi, ikaamua pia ni kitu gani kingine kipite kwenye mnara huo.

Kisheria mambo yalikuwa yameshaanza kubadilika bila sisi kujua. Ukiritimba wa kampuni ya simu ya TTCL kwenye simu za mezani ulikwisha Februari 2005, na mwaka huohuo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikaleta mfumo mpya wa leseni uliotenganisha kazi nne: kujenga miundombinu, kuendesha mtandao, kutoa huduma zinazopita juu ya mtandao, na kutoa maudhui. Kwa muuguzi wa zahanati habari hizo zilikuwa mbali. Lakini ndizo zilizoruhusu mtu asiye na mnara hata mmoja kuwa mtoa huduma anayetambulika, mwenye leseni yake na namba yake fupi.

Sasa nifike kwenye dawa. Klorokwini iliachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilishaizoea. Ikafuata SP, nayo haikudumu, na mwishoni mwa 2006 nchi ikaingia kwenye dawa mseto, ALu. Ilikuwa dawa nzuri mno. Mtoto aliyeletwa jioni amelegea, kesho yake mchana ungemkuta amekaa anaomba uji. Ila ilikuja kwenye pakiti za aina nne kwa kufuata uzito wa mgonjwa: ya manjano vidonge 6, ya bluu 12, ya kahawia 18, ya kijani 24. Kwa hiyo zahanati ingeweza kuwa na dawa na wakati huohuo isiwe nayo. Kabati limejaa za kijani za watu wazima, na mbele yako kuna mama amembeba mtoto wa kilo 9.

Msimu wa mpunga ulizidisha taabu hii. Bondeni kwetu familia huhamia mashambani, wakalala kwenye madungu kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, mbali na kijiji na mbali zaidi na zahanati. Mtoto akishikwa na homa usiku, mama anasubiri kupambazuke ndipo aanze safari. Anapofika kwako amepoteza saa nyingi ambazo mtoto mwenye malaria hana. Kumwambia mama huyo kwamba pakiti ya mtoto imekwisha ni jambo ambalo mwili wangu unalikumbuka hadi leo. Tulikuwa tunakata pakiti za wakubwa tupate vidonge vya mtoto, na kwa kufanya hivyo tukaharibu hesabu, na mtu mzima wa wiki iliyofuata akakosa ya kwake.

Maombi ya dawa yalikwenda wilayani kwa fomu, kila robo mwaka. Fomu ilijazwa, ikapelekwa Mahenge, ikasafiri hadi Bohari ya Dawa. Miezi mitatu ni mirefu sana kwa ugonjwa unaoweza kumuua mtoto ndani ya siku mbili. Kilichotuuma zaidi ni kwamba mara nyingi dawa iliyokosekana kwetu ilikuwepo kwenye zahanati ya jirani, imekaa, na hakuna aliyejua.

Ndipo ukaja mpango ulioitwa SMS for Life. Uliongozwa na Jim Barrington wa kampuni ya dawa ya Novartis, kwa kushirikiana na Wizara ya Afya, ushirika wa Roll Back Malaria, IBM na Vodafone. Mfumo wa ujumbe ulitengenezwa na Vodafone pamoja na kampuni ya Uingereza iitwayo MatsSoft. Ulijaribiwa kwenye wilaya tatu, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, jumla ya vituo vya afya 129. Tuliitwa kwenye mafunzo mafupi. Wengi tulikwenda tukitarajia kupewa kompyuta, au angalau simu mpya. Tukaambiwa: mtatumia simu zenu, hizo hizo mlizonazo.

Kila Alhamisi ujumbe uliingia kwenye simu zetu ukiuliza hesabu ya dawa. Tulikwenda kabatini, tukahesabu pakiti za kila rangi pamoja na kwinini ya sindano, tukajibu kwa herufi na namba kwenda namba fupi. Kujibu hakukukata hata senti. Aliyejibu kwa wakati alipata salio la muda wa maongezi, na aliyechelewa alikumbushwa. Wiki mpya ilipoanza, wasimamizi wa wilaya waliiona hesabu ya vituo vyote kwenye tovuti, wakajua nani hana na nani anazo nyingi. Kwa mara ya kwanza niliona mtu wa wilayani akipiga simu yeye kuuliza, “Dada, za manjano zimekwisha tangu lini? Kuna zahanati jirani yako wana akiba, tunakuletea kwa pikipiki.” Nilisimama pale nyuma ya jengo na simu mkononi, nikashindwa hata kumjibu vizuri.

Takwimu zilichapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la Malaria Journal, na nazijua kwa moyo kwa sababu ndani yake mimi ni mmoja wa waliojibu. Vituo vilijibu kwa wastani wa asilimia 95. Mwanzoni, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa, na kufikia wiki ya 21 vilikuwa 26. Lindi Vijijini walitoka 57 wakafika sifuri kabisa. Kigoma Vijijini walitoka 93 hadi 47. Sisi Ulanga tulitoka 87 hadi 30.

Wakati huo niliamini kwamba siri ya mafanikio ni simu. Aliyenifungua macho ni kijana wa dada yangu, aliyesoma mambo ya mawasiliano Dar es Salaam na kupata kazi kwenye kampuni ndogo inayosambaza ujumbe mfupi kwa niaba ya mabenki na taasisi. Alikuja likizo Masagati kumwona bibi yake, nami nilikuwepo.

“Mama mdogo,” aliniambia, “simu mlikuwa nazo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mtandao alikubali mtu mwingine apitishe kazi yake humo.”

Akanieleza njia yenyewe. Jibu langu lilitoka kwenye simu, likafika mnarani, likaenda kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu. Kule mashine iliitambua namba fupi, ikajua ujumbe huu hauendi kwa mtu, unakwenda kwenye kompyuta ya mtoa huduma. Ili mashine mbili za wenyewe tofauti zielewane pale, lazima ziwe na lugha moja iliyokubaliwa: ujumbe unapokelewaje, unathibitishwaje, nani analipia. Wahandisi wanaiita kiunganishi. Kama kiunganishi ni cha kawaida, kinachofahamika na wote, mtu anaandika programu yake mara moja, inafanya kazi kwenye kila mtandao. Kama kila kampuni ina cha kwake, anaanza upya kwa kila kampuni, na kwa kila kampuni anaanza pia mazungumzo mapya ya mkataba, ya bei na ya nani abaki na sehemu gani ya mapato.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 1998 huko Ulaya na Marekani liliundwa kundi lililoitwa Parlay, kampuni za BT na Microsoft zikiwa miongoni mwa waasisi, ili kuandika viunganishi ambavyo mtu wa nje angevitumia kuomba mtandao upige simu, utume ujumbe, useme simu iko wapi au utoze malipo, bila yeye kujua mitambo ya ndani imejengwaje. Viwango viliandikwa, vingi na vinene, lakini havikuenea kama walivyotumaini. Baadaye chama cha makampuni ya simu duniani, GSMA, kikajaribu kwa njia nyepesi zaidi iliyoitwa OneAPI. Na mwaka 2023 kikazindua Open Gateway, juhudi ya tatu ya kazi ileile. Kijana wetu alisema tatizo halijawahi kuwa mitambo tu. Kampuni inayomiliki mnara inaogopa kubaki bomba ambalo wengine wanapitishia faida zao.

Naielewa hofu hiyo. Mnara wa kijijini una gharama, na bila ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote sehemu nyingi za nchi hii zisingeona mnara mpaka leo. Anayejenga ana haki ya kulipwa. Lakini naomba mtu akae na swali hili kama nilivyokaa nalo mimi. Mpango ule wa Ulanga uliwezekana kwa nini? Kwa sababu Vodafone ilikuwa mshirika ndani yake, na Vodafone ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi katika kundi la Vodacom. Mwenye ufunguo alikuwemo tangu siku ya kwanza. Kama wazo lilelile lingemjia mfamasia wa Ifakara, mwenye akili na bila jina kubwa nyuma yake, angeanzia wapi? Angeomba namba fupi, angezunguka kampuni moja baada ya nyingine akiomba ujumbe wa wauguzi uwe wa bure, na kila kampuni ingekuwa na haki ya kumjibu itakavyo. Angekuwa kama mfiwa wa Masagati mbele ya simu ya treni. Nimeshukuru sana kwa ajili ya mpango ule, na nitaendelea kushukuru. Lakini uhai wa mtoto haufai kutegemea nani anamjua nani.

Mwaka 2011 mpango ulipanuliwa nchi nzima, vituo takriban 5,000, na baadaye kazi yake ikachukuliwa na mifumo ya serikali ya kuagizia dawa. Kisha Novemba 2012 ikaja huduma ya Wazazi Nipendeni, na hapo niliona hatua ya kweli. Mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, bila kulipa, akiwa na laini ya Vodacom, Airtel, Tigo au Zantel, akawa anapokea ujumbe unaofuata umri wa mimba yake hadi baada ya kujifungua: tarehe za kliniki, dalili za hatari, kulala ndani ya chandarua. Namba moja, mitandao minne. Sikuhitaji kumuuliza mama ana laini gani. Niliwaandikisha kliniki wakiwa wamekaa kwenye benchi, na asiyejua kusoma tulimwandikishia kwa simu ya mumewe au ya dada yake. Wanaume walianza kuja na maswali waliyoyasoma. Mmoja aliniuliza kuhusu kifafa cha mimba kwa maneno sahihi kuliko ya baadhi ya wanafunzi wetu.

Kwenye pesa mkondo ulikuwa huohuo, ila ulichukua muda. M-Pesa ilifika Tanzania 2008, wengine wakafuata, na kwa miaka kadhaa wakala wa Mlimba au Ifakara alipanga simu tatu nne mezani, kila moja na salio lake, kwa sababu pesa za mtandao mmoja hazikuingia kwenye akaunti ya mwingine. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane moja kwa moja, na mwanzoni mwa 2016 Vodacom nao wakaingia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo, na tunapaswa kulisema jambo hili kwa fahari zaidi. Mwaka 2017 serikali ikaleta mfumo wake wa malipo wenye namba maalumu ya malipo (control number), ambayo unailipia kupitia mtandao wowote au benki. Benki Kuu nayo ikajenga TIPS, mahali pamoja ambapo benki na kampuni za simu zinaunganishwa, kila mmoja mara moja tu. Ukibonyeza nyota 152 nyota 00 reli, menyu ya huduma za serikali inafunguka kwa laini yoyote. Haya yote ni kile alichonieleza yule kijana wa dada yangu: utaratibu mmoja unaojulikana, badala ya wawili wawili kupatana pembeni.

Si kila kilichopita humo kilikuwa chema. Palikuwa na huduma za nyimbo na mapenzi zilizojiunga zenyewe kwenye simu za wazee na kukomba salio kila siku. Kaka yangu wa Masagati alikuwa anaweka vocha jioni, asubuhi haipo, na hakuna aliyeweza kumwambia ni nani aliyemwandikisha. Na matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” tunawafahamu wote. Inaniuma kusema kwamba taarifa za TCRA zimekuwa zikiutaja mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Rukwa, miongoni mwa inayoongoza kwa namba za utapeli. Wapo wanaotumia jambo hili kudai kwamba wa nje wasiruhusiwe kuugusa mtandao. Mimi naliona kinyume. Viunganishi vipya vya Open Gateway vinaiwezesha benki kuuliza mtandao kama laini ya mteja imebadilishwa hivi karibuni, kabla ya kuruhusu pesa zitoke. Swali hilo benki haiwezi kuliuliza kama mtandao umejifungia. Kinachohitajika ni kila anayeingia ajulikane, awe na leseni, na akidhulumu watu namba yake ifungwe siku hiyohiyo.

Kuna kijana wa Ifakara ambaye amekuwa akija kuniona tangu mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoharibu mashamba na nyumba bonde zima. Anataka kutuma ujumbe wa tahadhari kwa wakulima wa mpunga maji yanapopanda kwenye mito ya juu, kama Mnyera na Mpanga. Programu ameshaiandika na inafanya kazi kwenye kompyuta yake. Kinachomchelewesha ni mikataba: mitandao ya Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa Tigo), Halotel na TTCL, kila mmoja na mlolongo wake, na gharama ya kila ujumbe ambayo mkulima hawezi kubebeshwa. Nimemweleza habari ya Alhamisi zetu neno kwa neno. Nimemwambia akienda TCRA asiombe upendeleo kwa ajili ya mradi wake, aombe kanuni: namba ya tahadhari na ya afya iwe moja kwa mitandao yote, iwe bure kwa anayetuma na anayepokea, na masharti yake yawe yaleyale kwa kampuni ya London na kwa kijana wa Ifakara. Nimemwambia pia asiwasahau watu wa kupima. Sisi tulijibu kwa asilimia 95 kwa sababu kujibu kulikuwa bure na kwa sababu tuliona pikipiki inakuja. Atafute wazee wawili watatu Masagati wenye simu za kawaida, awatumie swali siku moja ya wiki, wamwambie maji yamefika wapi, kwa maana yakishapita kwetu yanashuka kwa wenzetu wa chini.